Seti ya Tatu na Mzee Singano

Katibu wenu aliniomba kurasa mbili tatu za mafunzo. "Ufundi tu, mzee," aliniambia, "tuzibandike pale ukutani vijana wasome." Nimejaribu. Nimeandika kuhusu miguu, nikaandika kuhusu bega, na kila nilipofika katikati ya ukurasa nikamkuta Mzee Singano amesimama ananitazama. Karibu kila ninachojua kuhusu tenisi nilipewa na mtu yule, na jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya kiwanjani nilimfanyia yeye. Siwezi kuwapa moja nikawaficha jingine. Mtakachoona hakifai kubandikwa, kikateni.

Nianze na mlichoomba. Jumamosi nilikaa kwenye benchi lenu nikawatazama. Vijana, mnaupiga mpira kama umewatukana. Yule mrefu mwenye kofia nyekundu alipiga mmoja mzuri sana, hata mimi nikapiga makofi. Kisha akapiga minne, miwili ikaenda kwenye majani na miwili ikafia wavuni. Mwenzake, yule mwalimu mwenye kitambi, hakupiga hata mpira mmoja wa kusimulia. Alirudisha tu. Akashinda, na nyote mkasema ana bahati. Hana bahati. Anajua kwamba katika klabu pointi chache sana hushindwa. Nyingi hutupwa na mwenyewe. Mtu anayerudisha mpira mara moja zaidi ya mwenzake atakunywa naye chai akiwa amemfunga.

Mkitaka kurudisha, pigeni mshazari, kutoka kona yenu kwenda kona ya mbali. Wavu uko chini katikati na juu pembeni, tofauti ya nusu futi, na kiwanja ni kirefu zaidi ukikikata kimshazari. Unapewa nafasi mbili za bure, ya juu na ya mbele, na ninyi mnazikataa kila siku kwa sababu mnataka kupiga kandokando ya mstari. Jambo la pili: geuzeni bega mapema. Mnangoja mpira udunde ndipo mnageuka, na hapo mmeshachelewa. Mpira ukivuka wavu, bega liwe limekwisha geuka, raketi iko nyuma, inangoja kama mtu aliyefika stesheni kabla ya treni. Na mkishapiga, rudini katikati. Msisimame kuutazama mpira wenu ulivyo mzuri.

Hayo ni ya ukutani. Sasa nieleze nilikoyapata.

Wakati wa Mwingereza, nje kidogo ya Korogwe, ng'ambo ya reli, palikuwa na shamba kubwa la mkonge, na shamba hilo lilikuwa na klabu ya Wazungu: nyumba yenye baraza pana na kiwanja kimoja cha tenisi. Mameneja wa mashamba, mainjinia wa mitambo, maofisa wa kutoka Handeni na wake zao walikuja kucheza alasiri jua likipungua. Mwanachama akikosa mwenzake, klabu ilimpa mmoja wetu. Tulikuwa wawili, Mzee Singano na mimi. Asubuhi tulikuwa mafundi wa kiwanja, alasiri tulikuwa wachezaji wa kuazimwa. Tuliruhusiwa kuingia kiwanjani, hatukuruhusiwa kukaa barazani. Wakati ule niliona hivyo ndivyo dunia ilivyo, sikuuliza. Siku hizi najiuliza kwa nini sikuuliza.

Nilifika pale na cheti changu cha darasa la kumi, nikitafuta ukarani. Ukarani ulikuwa umejaa. Meneja alikitazama cheti kidogo tu, akaitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akasema niende nyuma kwa Singano.

Nilimkuta anachekecha udongo. Alikuwa Mzigua wa vijijini ng'ambo ya Handeni, mfupi, mkavu, miguu imepinda kidogo kama upinde, umri wa baba yangu.

"Shikamoo, mzee. Nimeletwa kucheza."

"Marahaba. Umeletwa kuchota maji."

Nikachota maji wiki tatu. Kiwanja kile kilikuwa cha udongo wa kichuguu. Mzee Singano alikuwa akivichagua vichuguu mwenyewe kando ya barabara ya Handeni. Aliufinya udongo, akautemea mate, akaufinya tena, na ukishika kama ugali alisema "huu," na ukipasuka aliuacha. Tuliutwanga, tukauchekecha, tukaumwaga, tukaunywesha maji kidogo kidogo, tukauviringishia pipa la chuma lililojazwa saruji. Kila baada ya mchezo tuliuburuzia ufagio mpana wa katani, yaani nyuzi za mkonge. Kiwanja kikikaushwa sana mpira huruka kichwani. Kikilowa sana mpira hulala. Siku ya kwanza ya kumwagilia peke yangu nilimwaga madebe manne ya maji mahali pamoja, na mke wa injinia akateleza akakaa chini mbele ya watu wote na raketi yake juu kama mwavuli. Mzee Singano hakunigombeza. Alinipa raketi yake niishike kwa mara ya kwanza, akasema, "Nenda kasimame pale alipoanguka, uniambie miguu yako inasikia nini."

Nilikwenda. Miguu ilisikia kiwanja. Ndipo nilipoanza kujifunza.

Raketi aliishika kama mtu anavyoshika jembe la kuazima, kwa heshima, bila kulikaba. "Unaibana kama itakimbia," aliniambia. "Ilegeze. Kaza mpira ukigusa, halafu legeza tena." Ninyi raketi zenu ni nyepesi, zinasamehe. Zetu zilikuwa za mbao, nzito, na mvua za masika zikija nyuzi zake zilinywa unyevu zikalegea, na mbao zikapinda hata tukizibana kwenye fremu na parafujo kila jioni. Ukiupiga mpira nje ya katikati ya nyuzi, mkono mzima ulikufa ganzi hadi kwapani. Mkono ulikuwa mwalimu. Sisemi turudi huko. Ninawaonea wivu kwa raketi zenu, kusema kweli. Nasema tu kwamba raketi inayosamehe haikwambii ulipokosea, kwa hiyo lazima mtafute wa kuwaambia.

Sasa niwaambie kosa ambalo bado linanichekesha. Mvua ilikuwa imefuta mstari wa ndani, ule ambao mpira wa kuanzishia lazima udunde kabla yake. Ni futi ishirini na moja kutoka wavuni. Tulikuwa tukipima kwa kamba ya katani yenye mafundo. Mimi niliiacha kamba nje ikanyeshewa usiku kucha, asubuhi nikapima nayo, nikapiga chokaa, nikajisifu kwa mstari ulionyooka. Sasa, kamba ya katani ikinywa maji hujivuta. Watu wa mkonge sote tunajua hilo. Mimi nilizaliwa kati ya mkonge, na sikuwaza. Mstari ukawa karibu futi nzima ndani.

Kwa siku tatu Meneja, mtu mwenye mkono mzito, hakuweza kuanzisha mpira hata mmoja ukaingia. Mke wake, aliyeanzisha kwa kuurusha polepole kama anamtupia kuku punje, alimfunga siku tatu mfululizo. Meneja akawa hali chakula. Siku ya nne asubuhi Mzee Singano alisimama mwisho wa kiwanja, akafumba jicho moja, akaniuliza, "Hoza, kamba ililala wapi?"

Tulifuta, tukapiga upya kabla ya saa moja. Alasiri ile Meneja alinijia, akaniuliza anakosea nini. Nikamwambia aurushe mpira juu zaidi na mbele kidogo, asiufuate kwa kichwa. Ni ushauri mzuri, utumieni. Akapiga, mipira ikaingia yote. Akanishika bega mbele ya baraza nzima akasema mimi ndiye mwalimu bora kati ya Tanga na Moshi. Mzee Singano alikuwa kando na ufagio wake. Nilipaswa kusema, "Bwana, ni kamba." Nikasema, "Asante, Bwana."

Msidhani alikasirika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu bora," aliniita mwezi mzima. "Mwalimu bora, lete maji."

Lakini ufundi wetu mkubwa haukuwa ule mnaoutaka ninyi. Tulilipwa kushindwa. Hakuna aliyetuambia hivyo kwa mdomo, ila mwanachama aliyefungwa na mtumishi hakurudi wiki iliyofuata, na aliyeona ameachiwa alirudi na hasira. Kwa hiyo ilibidi ufungwe, na yeye asijue. Mzee Singano alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alinifundisha kumwekea mtu mpira kiunoni, upande wa kiganja, ule wa mkono wenye raketi, hatua moja tu kutoka aliposimama, ili ajione ana nguvu. Alinifundisha kukosa. "Usikose mpira mwepesi," alisema, "mtoto ataona. Kosa mgumu. Ukimbilie, uufikie, halafu uuache ugonge wavu, upana wa kiganja chini ya utepe wake wa juu. Wavu unaficha. Ukiutoa nje, watu wanaona umepotea wapi. Na ukishakosa, shusha pumzi. Moja tu. Mabega yashuke nayo."

Tulifanya mazoezi ya pumzi ile, vijana. Watu wazima wawili, asubuhi, kwenye kiwanja kitupu, tunapeana zamu ya kuhema.

Miaka minane nilicheza na mtu yule karibu kila siku. Siku hizo nilikuwa nimeshamfikia, labda nimempita, sijui. Na hapo ndipo penyewe: sikujua, wala yeye hakujua. Sisi wawili tulipokuwa kiwanjani peke yetu tulikuwa tukilishana mipira, tukirekebishana, tukijaribu njia mpya za kushindwa. Mechi ya kweli, ya kuhesabu, hatukuwahi kucheza hata moja.

Halafu jicho lake la kushoto likaanza kuingia ukungu.

Alinificha. Niligundua mwenyewe kwa sababu mipira ya juu inayoangukia bega lake la kushoto alianza kuichelewa kwa nusu hatua. Kisha akaanza kuzunguka mpira ili aupige kwa upande wa kiganja hata pale ambapo mgongo wa mkono ungetosha. Wanachama walidhani ni mbwembwe. Mwezi wa Ramadhani ulipokwisha aliniambia anarudi kwao, ameshawaeleza klabuni, Jumatatu atapanda basi la Handeni na mkewe.

"Jumatatu klabu imefungwa," alisema. "Kiwanja ni chetu. Basi linaondoka saa nane. Njoo saa mbili asubuhi, tucheze."

"Tufanye mazoezi gani, mzee?"

"Nimesema tucheze. Seti tatu, tuhesabu." Alikuwa akifunga fremu ya raketi yake, hakuinua uso. "Miaka ishirini na mbili nimewafanya watu wajione wachezaji. Mimi mwenyewe sijui kama ni mchezaji. Nataka nijue kabla jicho hili halijafunga, na hapa hakuna mwingine wa kuniambia ila wewe. Unicheze vizuri, Hoza."

Nikasema ndiyo.

Jumatatu ile niliwahi. Mkewe, Bibi Mwanaidi, alikuwa ameshakaa pembeni ya kiwanja juu ya mzigo wao uliofungwa, masufuria na mkeka na kuku wawili kwenye tenga. Mzee alikuwa upande wa pili akikaza wavu. Bibi aliniita kwa mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikia. Hajalala. Usiku kucha amekuwa akiamka kunionyesha anavyopiga. Mwache aondoke na moyo mweupe, unanielewa? Wewe bado kijana, una mechi nyingi."

Simlaumu. Namwandika hapa ili mjue yote, si ili nimbebeshe. Aliyeshika raketi nilikuwa mimi.

Seti ya kwanza nilimcheza kweli. Niseme tu, sijawahi kucheza vile kabla wala baada ya siku ile. Yule mzee alikuwa mwingine kabisa. Mipira niliyoizoea, ile ya kuwekwa kiunoni, haikuwepo. Alinipeleka kona hii, akanirudisha kona ile, akaukata mpira mfupi ukafa hatua mbili kutoka wavuni, nikaukimbilia nikacheka kwa sauti kwa utamu wake. "Cheka," alisema, "halafu uchukue." Wakata mkonge waliokuwa wamemaliza vipande vyao vya kazi ya siku walianza kusimama kwenye uzio, mmoja mmoja, na mapanga yao begani. Mmoja wao, Mnyakyusa mwenye sauti nene, alipiga kelele, "Kumbe wale watu wa kufagia wanaujua!" Tulikuwa tukisikia raha ambayo siwezi kuwaandikia.

Lakini nilishinda seti ile, sita kwa tatu, na mnajua nilishindaje. Mkono wangu, bila kuniuliza, ulianza kupeleka mipira ya juu bega la kushoto. Ndivyo alivyonifundisha: mtafute mwenzako pale asipopenda, umpelekee hapo, lakini si kila mara, ili asipazoee. Nilikuwa nikimcheza kwa somo lake mwenyewe. Mara mbili alipiga hewa tupu. Kwenye uzio wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka. Alijifuta jicho kwa ukingo wa shati, akasema, "Seti yako. Badilisha upande."

Tulipopishana wavuni nilimwona kwa karibu. Jicho lilikuwa linatoa machozi kwa kulikodoa. Nilimtazama bibi juu ya mzigo. Na hapo nikafanya uamuzi, kwa huruma, na kwa majivuno pia, maana huruma ile ilikuwa na majivuno ndani yake: niliamua kwamba nimeshajua nani mkali, kwa hiyo yanatosha, sasa nimpe yeye ya kwake.

Seti ya pili nilianza kazi. Sikukosa mpira mwepesi hata mmoja. Niliacha kulitafuta bega la kushoto, nikamwekea ya kiganja, hatua moja kutoka aliposimama. Nilikimbia kweli, nikatoka jasho la kweli. Akachukua seti, sita kwa nne. Wakata mkonge wakashangilia. Bibi Mwanaidi akajifunga kanga upya, akanitikisia kichwa kidogo tu. Niliona nimefanya jambo zuri.

Seti ya tatu ikafika tatu kwa tatu. Yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha. Tulipigishana muda mrefu, mipira kumi, labda kumi na mitano. Akaupeleka kona ya mbali, nikaukimbilia, nikaufikia vizuri, nikauacha ugonge wavu, upana wa kiganja chini ya utepe. Nikashusha pumzi. Moja. Mabega yakashuka nayo.

Mzee Singano hakurudi kwenye mstari. Alibaki pale alipo. Kisha akaja wavuni polepole, na mimi nikadhani nyuzi za raketi zimekatika.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu lini nini, mzee?"

"Hoza."

Hakupandisha sauti, wale wa kwenye uzio hawakusikia neno. "Pumzi ile nimekufundisha mimi," alisema. "Seti ya pili yote?"

"Mzee, nilikuwa nataka uondoke na..."

"Umenicheza kama mwanachama."

Nikaanza kusema mengi, kwamba turudie, kwamba tuanze seti ya pili upya, muda bado upo. Alikuwa ameshakwenda kuchukua ufagio wa katani. Aliukokota kiwanja kizima, upande wake na upande wangu, akizungukia pale niliposimama. Wakata mkonge waliuliza nani ameshinda, hakuna aliyewajibu, wakaondoka. Saa nane nilibeba tenga la kuku mpaka barabarani. Aliitikia kwaheri yangu kama kawaida, kwa adabu, kama alivyokuwa akiwaitikia wale wa barazani.

Miaka minne sikwenda kumwona. Niliwaambia watu kazi ilikuwa nyingi, na ilikuwa nyingi kweli, maana nilibaki peke yangu na kiwanja. Kwa kweli nilikuwa naona aibu. Vijana, nimesikia wengi mkiwaachia wachumba zenu na wakubwa wenu wa kazini washinde. Sisemi ni dhambi. Ila mjue kwanza mtu amekuja kutafuta nini kiwanjani. Wapo wanaotafuta kushinda, na hao wape kama una moyo huo. Yupo anayetafuta kujua. Huyo ukimpa ushindi umemnyang'anya kila kitu, na hakuna siku nyingine ya kumrudishia.

Karibu na mwisho wa utawala wa Mwingereza ndipo nilipopanda basi la Handeni. Nililala huko, alfajiri nikatembea mwendo wa saa tatu, na mipira miwili mipya mfukoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, uso ameuelekeza juani, macho yote mawili meupe. Nikasema shikamoo mara moja tu.

"Marahaba, mwalimu bora," alisema. "Bado unatua kwa kisigino. Nimekwambia utue kwa vidole."

Nilimwekea mpira mmoja mkononi. Aliunusa, akaufinya, akaudundisha kwenye udongo akaudaka bila kuukosa. Bibi Mwanaidi alituletea uji. Tukaongea habari za wagonjwa na wafu na nani yuko wapi. Halafu, katikati ya habari ya mvua, akaniuliza:

"Tulikuwa ngapi?"

Nilijifanya sielewi. "Ngapi nini, mzee?"

"Usinitanie. Tatu kwa tatu, mimi naanzisha. Pointi ile uliyoitupa tunaifuta. Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Nimeanzisha. Mwilini kwako, upande wa kiganja."

Nilivuta pumzi. "Nimejipinda, nimeurudisha mshazari, mrefu."

"Mrefu kiasi gani?"

"Hatua moja ndani ya mstari."

"Nimeufikia. Nimekukatia mfupi."

"Nimeukimbilia. Nimechelewa."

"Kweli umechelewa, au unanipa?"

"Kweli nimechelewa, mzee. Unajua sikuwahi kuuwahi ule."

Akatabasamu. Basi tukacheza hivyo, uji ukapoa. Kiwanja kilikuwa wazi mbele yetu sote wawili, na niliona hata udongo ulivyokuwa unaruka. Alichukua gemu yake, nikachukua yangu. Aliniambia mpira wangu mmoja umegonga wavu, nikafikiri, nikaona kweli, kwa pembe ile ungegonga, nikakubali. Mmoja wa kwake nikamwambia umetoka, akakubali. Mipira ya bega la kushoto niliipeleka, yote iliyostahili, nikisema wazi, "Juu, kushoto." Mingine aliikosa akasema, "Sikuuona." Mingine alisema, "Huo nimeuzunguka," na nilijua ni kweli kwa sababu angeuzunguka.

Tukafika tano kwa nne, mimi mbele, pointi moja imebaki nishinde. Nilianzisha. Akarudisha vizuri, chini, miguuni. Nikauinua, nikauelekeza kona ya kushoto, kwenye makutano ya mistari.

"Nje," alisema.

Ulimi wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo mzee, nje kidogo. Miaka yote ya ile kazi ilikuwa imekusanyika kwenye ulimi ule.

"Ndani," nilisema. "Umegusa mstari."

"Mstari upi? Nimeusikia ukidunda nje."

"Umeusikia vipi, na mpira umeushika mkononi?"

"Hoza! Unaniibia nyumbani kwangu!"

"Siibi. Chokaa imeruka, nimeiona."

"Chokaa yako ile ya kupima kwa kamba mbichi!"

Bibi Mwanaidi akatoka jikoni na mwiko. "Nyie wawili, mpira wenyewe uko wapi mnaougombania?"

"Nyamaza, mke wangu, huyu mtoto anataka kunifunga kwa wizi!" Alikuwa amesimama, anapiga paja kwa kiganja, na uso wake, vijana, ulikuwa unang'aa. Tuligombana mpaka adhuhuri akaenda kuswali, akarudi, tukaendelea. Hakukubali. Mimi pia sikukubali. Nilipoaga alinishika mkono kwa nguvu, akasema nirudi mahindi yakishavunwa, tuurudie.

Mahindi yalivunwa. Mwaka ule nilikuwa nimepewa ukarani hatimaye, nina meza na wino, nikaona mwakani kuna nafasi zaidi. Habari za msiba zilinifikia siku tatu baada ya mazishi.

Nimeupiga mpira ule kichwani mwangu mara nyingi sana tangu wakati huo. Nimeupiga nikiwa kitandani hapa Manundu, Korogwe, na Jumamosi iliyopita kwenye benchi lenu nimeupiga tena. Nimejaribu kuutoa nje kidogo, upana wa kidole tu, ili mchezo uendelee. Hautoki. Ulikuwa ndani, mzee wangu. Ulikuwa ndani.